Mwanagenzi Kando ya Kitanda

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi halikuota baharini kama mwani; lilichongwa ubao baada ya ubao kwa mikono ya fundi. Maneno haya yafaa kusemwa juu ya daktari pia. Tumwonapo katika koti lake jeupe, na shingoni amening'iniza chombo chake cha kusikilizia kifua, twadhani kwamba elimu yake ilizaliwa pamoja naye, au kwamba aliichota yote vitabuni. Daktari huundwa. Sehemu moja ya kazi ya kumuunda hufanywa na vitabu. Sehemu nyingine, iliyo ngumu zaidi, hufanywa na daktari aliyemtangulia, wote wawili wakiwa wamesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Nitakalo kusema katika insha hii ni juu ya sehemu hiyo ya pili.

Msomaji aweza kuuliza, "Mwalimu ana nini na mambo ya hospitali?" Jibu langu ni kwamba kazi ya kufundisha ni moja, ijapokuwa nyumba zake ni nyingi. Mimi hufundisha katika chuo cha ualimu. Kila mwaka hufuatana na vijana waendao kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za mashariki mwa Nairobi, huko Makadara, Kayole na Dandora, nami huketi nyuma ya darasa na daftari langu magotini. Najua jinsi sauti ya kijana itetemekavyo atazamwapo na mkubwa wake. Najua pia kwamba neno moja la mkubwa huyo laweza kuinyoosha sauti hiyo, na neno jingine laweza kuizima.

Tuanze na mafundi tuwajuao. Karibu na uwanja wa Kamukunji wako mafundi wa jua kali ambao nyundo zao husikika tangu asubuhi hadi jioni. Wanafunzi wengi wa shule za bweni katika Kenya wamebeba masanduku ya bati yaliyotoka katika mikono yao. Kijana ajaye kujifunza kazi hiyo hapewi kitabu. Kwanza hutazama, kisha hushika bati fundi akikata, kisha hukata mwenyewe, fundi akitazama, mwisho huachiwa kazi. Katika safari hiyo ataharibu bati moja, au mbili, au kumi. Fundi atanung'unika kwa hasara, lakini bati lililoharibika laweza kukatwa tena likawa kifuniko cha sufuria. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwanagenzi wa tiba naye hupita njia ile ile: kutazama, kusaidia, kutenda akitazamwa, na kutenda peke yake. Tofauti ni moja tu, na tofauti hiyo ndiyo ifanyayo kazi ya mwalimu wake kuwa nzito. Mwanagenzi huyu hajifunzi juu ya bati. Hujifunza juu ya mwili wa mama wa mtu, au mtoto wa mtu, au baba ategemewaye na nyumba nzima. Asipopewa nafasi ya kutenda, hatajua kamwe. Akipewa nafasi bila ya uangalizi, mgonjwa ndiye atakayelipa karo ya elimu yake. Mwalimu wa tiba hutembea juu ya kamba iliyofungwa baina ya hatari hizi mbili.

Mitaa ya Eastlands imeishi na jambo hili kwa muda mrefu. Pumwani ni miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyotengwa kwa Waafrika katika Nairobi, na hospitali yake ya uzazi, iliyoanzishwa mwaka 1926, hapo kwanza iliitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Watu wengi wa jiji hili walitoa kilio chao cha kwanza katika vyumba vyake, na vizazi vya wakunga vilijifunza kazi humo. Upande wa Umoja kuna Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka 2011, ambayo nayo hupokea madaktari wapya. Kwa maana mhitimu wa udaktari hapewi ruhusa ya kutibu peke yake siku ile ile avuapo joho. Sharti kwanza atumikie mwaka mmoja hospitalini chini ya macho ya waliomtangulia.

Desturi hii ni kongwe katika Afrika ya Mashariki kuliko vyuo vyetu vingi. Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924, na wanafunzi wake walijifunza katika wadi za Mulago. Ile ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na ile ya Nairobi mwaka 1967. Kabla ya hapo, kijana wa Kenya aliyetaka shahada ya udaktari bila ya kuvuka bahari alielekea Makerere. Vyuo hivi vyote vilijengwa juu ya imani moja, kwamba mgonjwa ni kitabu ambacho hakisomwi mbali na kitanda chake.

Lakini kumpeleka mwanafunzi kitandani si sawa na kumfundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku nne katika wadi ya watoto ya hospitali moja, nikimsaidia dada yangu kumwuguza mwanawe wa miezi minane. Sina haja ya kuitaja hospitali hiyo, kwa kuwa niliyoyaona huonekana katika nyingi, na katika shule zetu pia. Katika siku hizo nne niliwaona waalimu wawili wa tiba, na nilijifunza kwao zaidi ya nilivyojifunza katika semina nyingi za ualimu.

Mwalimu wa kwanza alikuja asubuhi na wanagenzi sita nyuma yake. Alisimama kwenye kitanda cha jirani yetu, akamwuliza binti mmoja miongoni mwao swali juu ya mtoto aliyelala pale. Binti akajibu, akakosea. Daktari akacheka, akawageukia wengine, akasema kwamba mwenzao huyu afadhali angalikwenda kuuza nyanya sokoni. Wanagenzi wakacheka kicheko cha woga, kila mmoja akishukuru moyoni kwamba swali halikumwangukia yeye. Katika wadi ile walikuwamo akina mama zaidi ya mmoja waishio kwa kuuza nyanya. Waliinamisha nyuso zao, wakawapanga watoto wao vizuri shukani kana kwamba hawakusikia.

Alasiri binti yule alirudi peke yake. Akaja kwenye kitanda chetu, akafungua nguo ya mtoto, akakitazama kifua chake kwa muda mrefu huku macho yakienda kwenye saa na kurudi. Uso wake ulibadilika. Akaandika neno katika karatasi, akaondoka. Jioni daktari mkubwa alipopita na kuuliza kama kuna habari yoyote, binti akajibu, "Hakuna, daktari." Lakini daktari alipokwisha toka, alimwendea muuguzi wa zamu, mama mtu mzima mwenye miaka mingi katika kazi ile, akamnong'oneza. Muuguzi hakungoja. Alikuja kumtazama mtoto, akaita msaada, na kabla ya usiku kuingia mtoto alikuwa amewekewa oksijeni. Ndipo nilipomsikia akimwuliza binti, "Mbona hukumwambia daktari?" Binti akajibu, "Sista, je, kama nimekosea tena?"

Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu, na leo anasoma shule ya msingi. Lakini jibu la binti yule linastahili kupimwa na kila mtu ambaye hufundisha. Macho yake yalikuwa mazima. Elimu yake ilimtosha kuiona hatari. Kilichokosekana ni ulimi, na ulimi ule ulikuwa umefungwa asubuhi na mtu aliyelipwa ili kuufungua. Tazama jinsi aibu isafirivyo: hutoka kinywani mwa mkubwa, huingia moyoni mwa mdogo, na mwisho hutua juu ya mtoto asiyejua lolote. Aibu ya mwanagenzi hulipwa na mgonjwa. Laiti muuguzi yule asingalikuwapo, deni lingalikuwa letu.

Asubuhi ya pili akaja mwalimu mwingine, mama wa makamo, mpole wa sauti wala si mlegevu wa kazi. Kwanza hakusema na wanagenzi. Alimwamkia dada yangu kwa Kiswahili, akajitaja jina, akasema, "Mama, hawa ni wanafunzi wangu. Watupa ruhusa tumtazame mtoto na kuzungumza habari zake mbele yako? Ukitaka kuuliza neno, tukatize wakati wowote." Dada yangu akakubali. Ndipo akamgeukia binti yule yule.

"Wewe ulimwona jana. Wadhani ana nini?"

"Sina hakika, daktari."

"Sikukuuliza hakika yako. Nimekuuliza udhanilo."

"Nadhani ni homa ya mapafu, na ni kali."

"Ni nini kilichokuonyesha?"

"Nilizihesabu pumzi zake, nikapata sitini na mbili kwa dakika. Tena sehemu ya chini ya kifua chake ilibonyea ndani kila alipovuta pumzi."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kisha akawaambia wote kanuni waichukue popote waendapo. Mtoto wa tangu miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, mwenye kikohozi au taabu ya kupumua, akivuta pumzi hamsini au zaidi kwa dakika, hizo ni pumzi za kasi. Aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka mitano, hesabu ni arobaini au zaidi. Zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kwa maana mtoto aliaye hudanganya. Baadaye akamwambia binti, "Ulihesabu dakika nzima, hukukisia. Fanya hivyo siku zote. Lakini uliandika usiseme, na karatasi haipigi kelele. Uonapo kifua kikibonyea hivi, mwite mkubwa wako saa ile ile, hata akiwa mkali."

Mambo hayo yote, nikikadiria, hayakuzidi dakika nne. Baada ya siku nyingi nilisoma kwamba aliyoyafanya mama yule yana mpango unaojulikana. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliokuwa wakiwafunza vijana katika zahanati zenye haraka nyingi walichapisha hatua tano za kufundishia. Ya kwanza ni kumtaka mwanagenzi aseme adhanilo. Ya pili, kumwuliza sababu. Ya tatu, kumpa kanuni moja ya jumla. Ya nne, kumtajia alilofanya vema, kwa jina lake hasa, si kwa sifa tupu. Ya tano, kumsahihisha alipokosea. Mpangilio huo una hekima yake. Mwalimu atoaye jibu kwanza hajui kamwe kama mwanafunzi wake alikuwa nalo. Mwalimu aulizaye kwanza huona ndani ya kichwa cha mwanafunzi kama mtu achunguliaye kisimani: huona maji yako wapi na tope liko wapi, akajua atie ndoo upande gani.

Wala busara hii haikuzaliwa Marekani. Muhammad ibn Zakariya al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki yapata mwaka 925, alikuwa mkuu wa hospitali katika miji ya Rayy na Baghdad. Ibn al-Nadim, mwandishi wa kale, ameeleza kwamba al-Razi aliketi na wanafunzi wake mbele yake, na mbele ya hao wakaketi wanafunzi wao. Mgonjwa aliyeingia alieleza habari zake kwanza kwa wale wa mwisho. Wakijua, walisema, wasipojua, alisogezwa kwa waliowazidi, na wote wakishindwa, ndipo al-Razi aliponena. Hebu fikiri: mtu aliyejua kuliko wote katika chumba kile alikuwa wa mwisho kufungua kinywa. Karne nyingi baadaye William Osler, mzaliwa wa Kanada, aliwatoa wanafunzi wa Johns Hopkins katika ukumbi wa mihadhara akawaingiza katika wadi, na katika mambo yote aliyoyatenda hilo ndilo alilotaka kukumbukwa nalo.

Hayo ni mafundisho ya akili. Yako pia mafundisho ya mikono, nayo yana utaratibu wake. Chukua mfano wa mkunga anayejifunza kumsaidia mtoto mchanga asiyevuta pumzi. Sharti amkaushe na kumsisimua, na asipoanza kupumua, aanze kumpulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso kabla dakika ya kwanza ya maisha yake haijaisha. Dakika hiyo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Hapana nafasi ya kufikiri wapi pa kushika. Kwa hiyo mazoezi hufanywa kwanza juu ya mwanasesere, ambaye aweza kukosewa mara mia asidhurike. Daktari mpasuaji Rodney Peyton, katika kitabu cha mwaka 1998, alieleza hatua nne za kufundisha kazi ya mikono. Fundi hutenda kwa kasi yake ya kawaida, akiwa kimya. Hutenda tena polepole, akieleza. Mara ya tatu mwanagenzi hueleza, na fundi hutenda kama aelezwavyo. Mara ya nne mwanagenzi hueleza na kutenda mwenyewe.

Mimi naona kwamba kito cha mpango huu ni hatua ya tatu. Katika hatua hiyo kosa hutoka kinywani kabla halijatoka mkononi. Mwanagenzi akisahau jambo, husahau kwa maneno, na maneno hayamuumizi mtu. Nimeijaribu hatua hii kwa walimu wangu wanafunzi: kabla ya kwenda darasani kufundisha sehemu za namba, kijana hunieleza hatua zake nami naziandika ubaoni kama asemavyo. Mara nyingi husimama katikati, akacheka, akasema, "Hapana, mwalimu, tufute hapo." Amejisahihisha kabla mtoto wa mtu hajapotoshwa.

Liko jambo jingine, nalo ni haki ya mgonjwa. Wanafunzi wa udaktari katika Kenya husoma kwa Kiingereza, na wagonjwa wa Eastlands husema Kiswahili, na lugha za nyumbani, na Sheng ya vijana. Ni rahisi kwa daktari na wanagenzi wake kuzungumza juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba ni kabati lililoharibika. Mwalimu mwema huomba ruhusa, hufunika mwili usiohitaji kutazamwa, na huyarudia kwa lugha ya mgonjwa maneno yanayomhusu mgonjwa. Kwa kufanya hivyo hufundisha somo lisiloandikwa katika ratiba yoyote. Mwana hutazama kisogo cha nina. Wanagenzi watasahau mihadhara mingi, lakini namna mkubwa wao alivyomwamkia mama maskini wataiiga mpaka uzeeni.

Wako wasemao kwamba ukali hutengeneza madaktari waangalifu, na kwamba upole ni anasa ya hospitali zenye wagonjwa wachache. Neno la kwanza lina chembe ya kweli. Kazi ya tiba haitaki uzembe, na mwalimu anayefumbia macho kosa ili apendwe ni mwalimu mbaya kuliko anayegomba. Lakini kusahihisha ni jambo moja na kudhalilisha ni jambo jingine. Mama yule wa makamo hakuliacha kosa la binti lipite. Alilitaja waziwazi, na mbele ya wenzake. Alilitaja kosa, hakumtaja binti kuwa ndiye kosa. Ama juu ya haba ya wakati, nimekwisha sema kwamba zilimtosha dakika nne. Mwalimu wa kwanza alitumia dakika kama hizo kwa kicheko. Wakati walikuwa nao wote wawili, ila matumizi yake yalitofautiana.

Nanyi msomao insha hii, huenda mmoja wenu siku moja atasimama kando ya kitanda Pumwani au Mulago au Muhimbili, na koti jipya likimwasha mabegani. Akumbuke kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba kusema "sijui" mapema ni bei ndogo kuliko kunyamaza. Wengine hawatakuwa madaktari. Watakuwa mafundi wa magari, makarani, wapishi na waalimu, na kila mmoja atafika siku ya kukabidhiwa kijana asiyejua kitu. Hata sasa wapo miongoni mwenu wawafundishao wadogo zao hesabu usiku katika chumba kimoja, mezani palipokwisha ondolewa sahani. Mdogo wako akikosea, usifanye haraka kumpa jibu, wala usimcheke. Mwulize kwanza adhanilo, kisha mwulize sababu, ukanyamaza umsikilize. Huo ndio mwanzo wa ualimu, na yeyote miongoni mwenu aweza kuuanza usiku wa leo.